Kuzunguka ukingo wa Longonot msimu wa vuli: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ikifika Septemba, vikundi huanza kupanga safari za mwisho wa mwaka: vijana wa kanisa, chama cha akina mama, wafanyakazi wa ofisi moja waliochoka kuonana mikutanoni tu. Wengi wakitaja mlima, wanataja Longonot. Mlima uko kaunti ya Nakuru, kusini mashariki mwa Ziwa Naivasha, lakini maelezo mengi kuuhusu yameandikiwa mtu wa Nairobi anayetoka nyumbani alfajiri na kurudi jioni. Haya ni ya anayetoka Nakuru, Kericho, Kisumu au Kakamega, na anayetaka kupanda kati ya Septemba na mwanzo wa Desemba, wakati kiangazi kinapopishana na mvua za vuli.

Longonot si mlima wa wanaoanza?

Nusu yake, ndiyo. Kutoka lango la KWS, shirika la serikali la wanyamapori, hadi ukingo wa kreta, yaani shimo la volkano, ni kilomita 3.1, na mtu mwenye afya ya kawaida atafika kwa saa moja hadi moja na nusu, akipumzika kwenye vibanda vya njiani. Nusu ya pili ndiyo inayowashangaza watu. Hapo unauzunguka ukingo wenyewe, kilomita 7.2, ukipanda na kushuka juu ya mgongo mwembamba hadi kilele cha mita 2,776, kisha unarudi ulipoanzia na kuteremka tena zile 3.1. Jumla ni kama kilomita 13.5. Kwenye lami hizo si kitu. Pale juu ni mwendo wa saa sita au saba kwa kundi la kawaida.

Kwa hiyo unapopanga safari, piga hesabu ya ukingo, si ya kufika ukingoni. Watu hufanya kinyume. Wanafika juu saa tano, wanapumua, wanapiga picha, wanaona njia inaendelea, wanasema "twende tu", na hapo ndipo matatizo yote ya siku yanapoanzia.

Ukingo wenyewe ukoje?

Kreta ina upana wa karibu kilomita mbili, na chini kabisa kuna msitu. Njia inapita juu ya ukuta unaoizunguka. Upande mmoja ukuta unaporomoka kuelekea msituni, upande mwingine mteremko wa nje unashuka hadi bondeni, na mahali pembamba mnapita mmoja mmoja. Mkikutana na kundi linalotoka mbele, pisheni mkiwa mmesimama upande wa nje, kamwe si upande wa shimo, hata kama wao ndio wenye haraka.

Udongo ni majivu ya volkano na mawe mepesi yenye vitundu. Haushikamani. Maji ya mvua yameichimba njia hadi sehemu nyingine unatembea ndani ya mfereji unaokufika magotini au hata kiunoni, miguu imebanana, mkono umeshika mzizi wa kichaka cha leleshwa ulioachwa wazi na mmomonyoko. Ukiuvuta mzizi huo kabla ya kuuegemea utajua kama bado umeshika ardhini. Mingine hung'oka na kubaki mkononi. Mfereji ukizidi kina, watu huanza kukanyaga pembeni, na pembeni nako kukaanza kumeguka, ndiyo maana utaona vijia vitatu vinne vikienda sambamba. Chagua kile kilicho mbali na shimo.

Vilele vya uongo ni vingi. Unafika juu ya nundu ukidhani umemaliza, kumbe mbele kuna nyingine ndefu kuliko hiyo. Mteremko wa mwisho kabla ya kilele chenyewe ndio mkali kuliko yote, na hapo mikono hufanya kazi pamoja na miguu.

Joseph Thomson, msafiri Mskoti, alifika ukingoni hapa mwaka 1883, na baadaye akaandika kwamba alipochungulia shimo alishikwa na hamu kali ya kujitupa ndani. Kama kimo hukutia kizunguzungu, fikiria habari hiyo kabla ya kulipa. Wengine wenye hofu hiyo hupita salama wakikaza macho kwenye visigino vya aliye mbele. Wengine hukwama katikati, na mtu aliyekwama pale haburutwi.

Tukifika ukingoni tugeuke kulia au kushoto?

Kulia. Kilele kiko upande wa magharibi, kwa hiyo ukishika kulia unaukabili ule mteremko mkali mapema, nguvu zikiwepo na mawingu hayajajikusanya. Ukishika kushoto utaanza na sehemu rahisi, utafurahi, kisha utaanza kupanda pagumu saa sita mchana huku chupa imebaki nusu. Wapo wanaoshikilia kushoto miaka nenda miaka rudi. Hatugombani nao, tunawasubiri langoni.

Septemba, Oktoba au Novemba?

Septemba ni kavu. Nyasi zimegeuka kahawia na vumbi la njiani ni laini kama unga wa wimbi. Linaingia kwenye soksi, puani na kwenye simu. Wenye pumu wasisahau pampu yao, na kitambaa cha kufunika mdomo kinafaa kila mtu, hasa mkipanda mmefuatana. Ukungu wa vumbi huficha mandhari, na siku nyingine hata Ziwa Naivasha lililo karibu hulioni vizuri.

Novemba ndio mwezi ambao mvua za vuli hukolea. Mlima unakuwa kijani, hewa imeoshwa, na asubuhi unaona safu ya Nyandarua upande wa mashariki, Suswa kusini, na mvuke wa mitambo ya umeme ya Olkaria upande wa magharibi. Lakini mchana unaweza kugeuka ghafla.

Nikiulizwa nichague, nachagua nusu ya kwanza ya Oktoba, na ndani ya hiyo nachagua siku ya pili baada ya manyunyu. Mvua kidogo hushindilia yale majivu. Mguu unakanyaga na kushika. Mvua nyingi hufanya kinyume, na mvua yenyewe ikiwa inanyesha hakuna kiatu kitakachokusaidia sana.

Vuli nayo haiko sawa kila mwaka. Mwaka ambao maji ya Bahari ya Hindi upande wa Afrika Mashariki yana joto kuliko kawaida, mvua hizi huzidi, kama ilivyokuwa 2019 na 2023. Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa Oktoba hadi Desemba kabla msimu haujaanza. Usome kabla ya kukusanya michango ya watu, maana kurudisha pesa za kikundi ni kazi ngumu kuliko kupanda mlima.

Na usipime Longonot kwa mvua ya kwenu. Kakamega inaweza kunyeshewa wiki nzima huku Longonot pakiwa pakavu, kwa sababu bonde lile liko kati ya nyanda za juu za Mau na Nyandarua, ambazo hupokea mvua nyingi kabla haijafika pale. Tazama utabiri wa Naivasha.

Mvua na radi zikitukuta juu tufanye nini?

Kwanza elewa kwa nini hutokea mchana. Jua la asubuhi linalipasha bonde joto, hewa inapanda, na hewa ikipanda hupoa, mawingu yakajijenga. Mlima uliosimama peke yake bondeni huharakisha kazi hiyo. Saa tatu anga ni safi; saa sita kuna mawingu meupe yanayokua kwenda juu; saa nane au tisa chini yake kumekuwa kweusi. Ukiona wingu linakua kwenda juu badala ya kusambaa, na upepo wa baridi ukavuma ghafla, usingoje tone la kwanza.

Watu wa Kisumu na Kisii wamezoea radi tangu utotoni hata hawashtuki, na hapo ndipo penye hatari. Nyumbani una paa. Ukingoni wewe ndiye kitu kirefu kuliko vyote. Ukiona mwanga wa radi, hesabu sekunde hadi usikie ngurumo. Sauti hutumia kama sekunde tatu kwa kila kilomita, kwa hiyo ikiwa hujafika 30 radi iko ndani ya kilomita kumi na inaweza kukufikia. Anza kushuka kuelekea njia ya langoni ikiwa iko karibu. Ikiwa iko mbali, ondokeni juu ya nundu na mfuate njia hadi sehemu ya chini iliyo kati ya nundu mbili. Tawanyikeni mita kadhaa kati ya mtu na mtu, mchuchumae juu ya mabegi, miguu pamoja, viganja masikioni. Fimbo za chuma ziwekeni mbali. Usijikinge chini ya mti uliosimama peke yake, na usiendelee kutembea ukingoni hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Hata mkiwa mmelowa na mnatetemeka, msiache njia na kukata moja kwa moja kwenye mteremko wa nje. Kwa macho unaonekana mfupi. Huko kuna makorongo marefu yaliyochimbwa na maji, na mvua ikinyesha maji huyarudia.

Kushuka kwenye matope: mmoja mmoja, mwili ukiwa upande, mguu wa chini ukitafuta jiwe au shina la nyasi kabla ya kuhamisha uzito. Acheni nafasi. Mtu wa juu akiteleza mkiwa mmebanana, atawasomba walio chini yake wote.

Tuanze saa ngapi, na saa ngapi tukate tamaa?

Lango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na hufungwa saa kumi na mbili jioni. Kundi la kawaida likianza kutembea saa moja litakuwa ukingoni saa mbili na nusu, kileleni kati ya saa nne na saa tano, na langoni karibu saa nane. Ratiba hiyo inakutoa mlimani wakati mawingu yanapoanza kukasirika.

Sheria yangu kwa msimu huu: ambaye hajafika ukingoni saa nne na nusu asubuhi hazunguki. Anakaa, anakula, anatazama shimo, anashuka. Watu hubishana sana na sheria hii wakiwa bado kwenye matatu, kwa hiyo itangazeni siku mnapochanga pesa, si mlimani.

Uamuzi wa pili hufanyika kileleni. Kutoka hapo mbele bado kuna zaidi ya nusu ya mzunguko, na kurudi nyuma ni kuteremka ule mteremko mkali. Kiongozi aulize kila mtu maji yamebaki kiasi gani na magoti yanasemaje, na aulize mmoja mmoja. Ukiuliza kundi zima, wote watajibu "tuko sawa".

Muwe na mtu wa mwisho, mwenye nguvu na subira, ambaye hamwachi mtu yeyote nyuma. Mara nyingi kazi hii hupewa aliyechoka zaidi kwa sababu ndiye aliyeko nyuma tayari. Hiyo si kazi, ni kuachwa.

Nikiishia ukingoni, nitakuwa nimepanda Longonot?

Utakuwa umepanda. Kuna mama mmoja wa Kondele, Kisumu, aliyefika ukingoni na kikundi chake, akakaa juu ya jiwe, akafungua mkebe wa mayai ya kuchemsha. Vijana wakamwambia, "Mama, twende, kilele kile pale." Akawajibu, "Wanangu, nendeni salama. Mimi naona vizuri kutoka hapa." Aliwangoja na askari mmoja wa KWS, wakaongea habari za bei ya samaki, na waliporudi wamefubaa kwa vumbi ndiye aliyekuwa na maji ya kuwagawia.

Ila msimwache mtu peke yake pale. Anayebaki abaki na mwenzake, na akitaka kushuka washuke wawili.

Viatu gani? Raba zinatosha?

Raba yenye meno chini na inayobana kisigino inatosha hadi ukingoni wakati wa kiangazi. Kwa mzunguko mzima, na hasa mvua zikishaanza, vaa kiatu cha mlima kinachofunika kifundo cha mguu. Mitumba ya Gikomba, Kibuye au soko la Nakuru ina vizuri kwa bei ya kueleweka, lakini kunja soli kwa mikono miwili kabla ya kununua: gundi ya kiatu kilichokaa miaka stoo huachia, na soli hubanduka njiani. Kivae wiki mbili mtaani kwanza. Kata kucha za vidole vya miguu. Hilo la kucha watu hulidharau hadi wanapoanza kuteremka.

Maji kiasi gani, na chakula gani?

Lita tatu kwa kila mtu anayezunguka, mbili kwa anayeishia ukingoni. Mlimani hakuna chemchemi, bomba wala kibanda cha kuuza.

Maji yasiwe kwenye chupa za plastiki za kutumia mara moja. Zilipigwa marufuku katika mbuga za taifa tangu tarehe 5 Juni 2020, na langoni mnaweza kuambiwa mziache. Beba chupa ya chuma au ile ngumu ya kujaza tena.

Ukitoka jasho jingi, maji matupu hayatoshi. Changanya nyumbani: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko viwe vya kusawazisha. Chakula kiwe kinachoshuka bila kulazimishwa: ndizi mbivu, viazi vitamu, mayai, njugu, chapati. Mandazi makavu yatakumalizia maji. Nyama choma ingojee jioni.

Nifanye mazoezi wapi?

Mtu wa Nakuru ana bahati: Menengai iko mgongoni mwa mji, na ukingo wake unafika mita 2,278. Tembea kutoka mjini hadi juu na kurudi, asubuhi ya Jumamosi, mkiwa kundi. Mkikaa wawili wawili si salama sana, na hilo halihusiani na mlima.

Kisumu kuna vilima vya Riat, barabara ya Kakamega. Ukiweza kwenda mbali kidogo, miteremko ya Nandi inayoanzia tambarare za miwa itakufundisha zaidi. Kakamega kuna kilima cha Lirhanda ndani ya msitu, kifupi, lakini ukikipanda mara kadhaa mfululizo kinatosha.

Kosa la kawaida ni kufanya mazoezi ya kupanda tu. Mapafu huzoea haraka. Kinachowalaza watu kitandani Jumatatu ni misuli ya mapaja, na hiyo huumizwa na kushuka. Tafuta ngazi za jengo refu, panda kwa lifti kama ipo, shuka kwa miguu, tena na tena. Wiki nne za hivyo, mara mbili au tatu kwa wiki, utaona tofauti.

Natoka Kisumu. Mwinuko utaniumiza?

Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Longonot kiko zaidi ya mita 1,600 juu ya kitanda chako. Mtu wa Nakuru, aliyezoea mita 1,850, anaanza akiwa mbele yako, kwa hiyo usishindane naye njiani. Ugonjwa wa mwinuko huanza kuonekana kwa baadhi ya watu karibu na mita 2,500, na kwa saa chache tu huwa ni kichwa kuuma na kuishiwa pumzi. Kunywa maji, punguza mwendo. Kichwa kikizidi au ukitapika, shuka; dawa ni hiyo.

Anayetaka kujaribiwa na mwinuko hasa aende Koitobos, Mlima Elgon, mita 4,222, kupitia lango la Chorlim karibu na Kitale. Hiyo ni safari ya siku nyingine na maandalizi mengine.

Usafiri je?

Kutoka Nakuru: matatu ya asubuhi hadi Naivasha, kisha nyingine ya barabara ya chini kuelekea Mai Mahiu, ushuke kituo cha Longonot na kumalizia kwa boda boda hadi langoni. Kikundi kikodi gari lake. Mkitegemea matatu za kuungaunga, saa moja asubuhi mtakuwa bado Naivasha mkingoja gari lijae.

Kutoka Kisumu usijaribu kwenda na kupanda siku hiyo hiyo. Ni zaidi ya kilomita 250 kupitia Kericho na Nakuru. Kuna wanaopanda basi la usiku na kuanza mlima macho yakiwa mekundu. Wanafika ukingoni na kulala. Lala Naivasha Ijumaa, panda Jumamosi, lala tena au rudini Nakuru.

Dereva asipande mlima. Hili halina mjadala. Mtu aliyetembea kilomita 13.5 juani akishika usukani jioni atasinzia, na barabara ya kurudi Kisumu inapitia Salgaa na Sachangwan, mahali ambapo kila mtu wa magharibi anapajua kwa habari mbaya.

Malipo yanafanywaje?

Kwa eCitizen, tovuti ya malipo ya serikali, si kwa pesa taslimu. Viwango hubadilika na hutofautiana kwa raia, mkazi na mgeni, kwa hiyo tazama bei ya wiki hiyo na ulipe mkiwa bado mjini mahali penye mtandao mzuri. Kila mtu abebe kitambulisho halisi. Mtu mmoja aliyesahau huwachelewesha wote, na nusu saa ya langoni utailipa mchana kwa mvua.

Kuna wanyama wakali?

Longonot ni mbuga ya taifa tangu 1983. Chini karibu na lango utaona pundamilia, swala na pengine twiga wakila migunga bila kukujali. Nyati wapo, na chui wapo ingawa hujificha. Wa kuogopa ni nyati, hasa aliye peke yake kichakani. Tembeeni pamoja, muongee kwa sauti ya kawaida ili wawasikie, na msikate njia vichakani. Muulizeni askari langoni asubuhi kama wameonekana karibu na njia. Kupanda na askari au mwongozaji si lazima kwa wote, lakini kwa kundi la mara ya kwanza au mtu anayepanda peke yake, hasa dada anayesafiri mwenyewe, ni pesa iliyotumika vizuri.

Tunaweza kushuka hadi kwenye msitu wa ndani?

Msishuke. Kuta ni wima, udongo ni ule ule unaomeguka, na ndani ndiko nyati waliko. Msiwashe moto wala kutupa kichungi cha sigara ukingoni. Machi 2009 moto uliteketeza mlima huu hadi ndani ya kreta.

Volkano imekufa?

Imelala. Inaaminika ililipuka mara ya mwisho miaka ya 1860. Kati ya 2004 na 2006 vipimo vya satelaiti vilionyesha mlima umeinuka kama sentimita 9, kisha ukatulia. Kwenye kuta za kreta asubuhi yenye baridi unaweza kuona mvuke ukitoka. Si jambo la kukuzuia kupanda.

Tukimaliza mapema, tupitie korongo la Hell's Gate, mbuga ya jirani?

Msimu wa mvua, hapana. Mlima mmoja kwa siku moja unatosha, lakini sababu kubwa ni mafuriko ya ghafla. Mvua inaweza kunyesha mbali, juu yako kukiwa na jua, na ukuta wa maji ukashuka ndani ya korongo. Watu saba walikufa hivyo Aprili 2012, na wengine saba Septemba 2019. Ukitaka Hell's Gate, nenda siku yake, uendeshe baiskeli juu kwenye tambarare, na ukiambiwa korongo limefungwa usimtafute kijana wa kukupitisha kando.

Watoto na wazee?

Mtoto wa miaka minane anayependa kutembea atafika ukingoni. Mzunguko mzima ningeuachia wa kuanzia miaka kumi na miwili, akiwa na mtu mzima wake mwenyewe, si "wa kikundi". Wazee wengi hupanda vizuri kuliko vijana kwa sababu hawakimbii. Mwenye presha, kisukari au moyo aongee na daktari kwanza, na dawa zake zikae kwenye begi lake, si la mwingine.

Binamu yangu anakuja kutoka Marekani, na huko Oktoba ni baridi. Aje na nguo gani?

Mwambie aje na koti jepesi la mvua, sweta moja, na kofia pana. Huko siku zinafupika na jua linapungua makali. Hapa mwishoni mwa Septemba jua hupita karibu utosini, na ukingoni hakuna kivuli. Mikono mirefu ni bora kuliko mafuta ya jua peke yake. Asubuhi langoni kuna baridi ya kweli, kwa hiyo avae tabaka anazoweza kuvua.

Kitu kimoja kitakachomshangaza ni giza. Jua likizama, muda mfupi baada ya saa kumi na mbili jioni, hakuna machweo marefu ya kumsindikiza. Kila mtu abebe tochi ya kichwani hata kama mnapanga kumaliza saa nane.

Mtu akiteguka mguu huko juu?

Hakuna gari linalofika ukingoni. Atashushwa na watu. Usimvue kiatu, ukivua mguu utavimba na hakitarudi. Funga bendeji juu yake, mpe maji na kitu cha kula, mfunike asipoe. Mtandao wa simu hupatikana sehemu nyingi za ukingo, kwa hiyo hifadhini namba ya lango kabla ya kuondoka. Namba za dharura za kitaifa ni 999 na 112, na Msalaba Mwekundu wa Kenya ni 1199. Watu wawili waende langoni, wengine wabaki, na msimkande kwa maji moto wala kumvuta mguu, hata kama kuna mjomba anayedai anajua.

Choo?

Langoni. Tumieni kabla ya kuanza.

Naweza kuja na mbwa wangu?

Hapana. Ni mbuga ya wanyamapori.